ASKARI NA HEWA YA SUMU: MAANA YA YALE YAONEKANAYO KATIKA SINEMA

Watu wengi wamepata kuona sinema fupi ya vita ambayo ndani yake askari walio handakini wanashambuliwa kwa hewa ya sumu. Sinema za namna hii zimetengenezwa katika nchi mbalimbali, nazo hazichukui muda mrefu, labda dakika kumi au ishirini tu. Lakini mwendo wake karibu ni mmoja. Kwanza huonekana askari wameketi katika matope, mmoja akiandika barua, mwingine akinywa chai. Mara mlinzi apiga kengele. Wote hukurupuka kutafuta vinyago vyao, na wingu zito huja likitambaa juu ya ardhi. Askari mmoja hana kinyago, au mikono yake inatetemeka hata hawezi kukifunga. Wenzake humtazama kupitia vioo vya macho, wala hawana la kumfanyia. Hapo sinema hukoma.

Mtazamaji huondoka na huzuni, na mara nyingi huondoka na maswali pia. Wingu lile lilikuwa kitu gani hasa? Nani aliyelibuni? Je, kinyago cha kitambaa na kopo chaweza kweli kumwokoa mtu? Na ikiwa silaha hii ilikuwa kali namna ile, mbona haikuimaliza vita? Maelezo yafuatayo ni majibu ya maswali hayo. Tena ndani yake msomaji ataona jambo moja ambalo sinema fupi haina nafasi ya kulieleza, nalo ni hili: tangu siku ya kwanza, hewa ya sumu imekuwa silaha ya kumpiga mtu asiye na kinga.

SIKU YA KWANZA: YPRES, 1915

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914. Kabla mwaka ule haujaisha, majeshi ya Ujerumani kwa upande mmoja, na ya Ufaransa, Uingereza na Ubelgiji kwa upande wa pili, yalikuwa yamejichimbia mahandaki kutoka pwani ya Bahari ya Kaskazini mpaka mpaka wa Uswisi. Kila aliyetoka handakini ili kushambulia alifyekwa na bunduki za bombomu. Basi wakuu wa majeshi wakawa wanatafuta njia ya kumtoa adui ndani ya shimo lake.

Njia moja ilipendekezwa na Fritz Haber, mtaalamu mkubwa wa kemia wa Ujerumani. Mtu huyu ndiye aliyegundua jinsi ya kutengeneza amonia kwa kutumia hewa, na ugunduzi huo ndio msingi wa mbolea nyingi zinazotumiwa mashambani mpaka leo. Shauri lake lilikuwa kwamba hewa iitwayo klorini itiwe katika mitungi ya chuma, mitungi ifukiwe mbele ya mahandaki, kisha ifunguliwe wakati upepo unapovuma kuelekea kwa adui. Kwa Mkataba wa The Hague wa mwaka 1899, Ujerumani na mataifa mengine walikuwa wameahidi kutotumia makombora yaliyokusudiwa kueneza hewa ya kuziba pumzi. Lakini mitungi si makombora, na wenye kutaka kupita kando ya sheria walishika neno hilo.

Mitungi zaidi ya 5,700 ilifukiwa karibu na mji wa Ypres katika Ubelgiji. Askari wa Ujerumani wakangoja upepo siku nyingi. Siku ya tarehe 22 Aprili 1915, yapata saa kumi na moja jioni, upepo mwanana ulivuma kama walivyotaka, na mitungi ikafunguliwa. Tani zaidi ya 150 za klorini zikatoka kwa muda wa dakika chache, zikawa ukuta wa rangi ya kijani na manjano, wenye upana wa kilomita sita hivi.

Wale waliokuwa wakilinda mahali pale walikuwa ni askari wa Ufaransa. Kikosi kimoja kilikuwa cha watu wenye umri mkubwa kidogo, walioitwa kutoka makwao kulinda nchi. Kikosi cha pili kilikuwa Divisheni ya 45 iliyotoka Algeria, nacho kilichanganya wenyeji wa Afrika ya Kaskazini na Wafaransa waliohamia huko. Kwa hiyo Waafrika walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kukabiliana na silaha hii, mbali na kwao, katika vita ambayo hawakuianzisha wao.

Askari hao hawakuwa na vinyago, wala hawakupata kufundishwa lolote juu ya hewa ya kuua. Walipoliona wingu, wengi walidhani ni moshi wa kuwaficha Wajerumani wanaokuja kushambulia. Basi walifanya kama askari yeyote hodari angalifanya: walibaki handakini, wakashika bunduki, wakamngoja adui. Adui hakuja, iliyokuja ni klorini. Na kwa kuwa klorini ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara mbili na nusu, haikupita juu ya vichwa vyao bali ilimiminika ndani ya mahandaki kama maji yanavyojaza mtaro. Waliolala chini ili kujificha ndio waliovuta sumu nyingi zaidi. Waliokimbia kufuata upepo walikimbia pamoja na wingu, wakaivuta kila hatua, tena kwa pumzi za mtu anayekimbia.

Mstari wa ulinzi ukavunjika, pakawa na pengo kubwa. Lakini Wajerumani wenyewe hawakuwa tayari kwa ushindi kama ule. Hawakuweka majeshi ya akiba ya kutosha, na askari wao waliogopa kuingia upesi mahali ambapo sumu ilikuwa bado imetanda. Usiku ukaingia. Majeshi ya Kanada na Uingereza yakaja kuliziba pengo, na mji wa Ypres haukutekwa.

Siku mbili baadaye, tarehe 24 Aprili, Wakanada nao walipelekewa wingu. Wakati huo walikwisha kupata habari kidogo. Waliambiwa wafunge pua na midomo kwa vitambaa vilivyoloweshwa kwa maji, au hata kwa mkojo wao wenyewe maji yakikosekana. Jambo hili laweza kumchekesha msomaji, lakini lilikuwa na maana. Klorini huyeyuka katika maji, kwa hiyo kitambaa kibichi huzuia sehemu yake isifike mapafuni. Wengi walikufa hata hivyo, lakini mstari haukuvunjika kama ulivyovunjika siku ya kwanza. Tofauti ya siku mbili hizo ilikuwa ni kitambaa kibichi na maneno machache ya maarifa.

JINSI SUMU INAVYOFANYA KAZI

Katika sinema sumu zote huonekana kama moshi mmoja. Kwa kweli zilikuwa za namna nyingi, na tatu ndizo zilizojulikana zaidi katika vita ile.

Ya kwanza ni klorini yenyewe. Ikikutana na unyevu wa koo na wa mapafu hugeuka kuwa asidi, ikaunguza. Mapafu yaliyoungua hutoa maji mengi, na mwisho mtu huzama katika maji ya mwili wake mwenyewe ingawa yuko nchi kavu. Hii ndiyo sababu ya kikohozi kile cha kutisha kinachosikika katika sinema. Lakini klorini ina rangi na harufu kali; mtu huijua inapokuja.

Ya pili ni fosijeni, ambayo Wajerumani waliipeleka dhidi ya Waingereza karibu na Ypres mwezi wa Desemba 1915. Hii haina rangi, na harufu yake ni kama ya majani makavu yaliyooza kidogo. Mtu aweza kuivuta bila kukohoa sana, akaendelea na kazi yake, akala, akazungumza na wenzake, na baada ya saa nyingi, pengine siku ya pili yake, mapafu yakajaa maji naye akaanguka. Katika watu waliouawa na hewa ya sumu katika vita ile, sehemu kubwa kabisa waliuawa na fosijeni. Sinema ni shida kuionyesha sawasawa, kwa sababu hapana wingu la kuonekana, wala mtu haanguki mbele ya mtazamaji.

Ya tatu ni ile iitwayo gesi ya haradali, iliyotumiwa mara ya kwanza karibu na mji ule ule wa Ypres mwezi wa Julai 1917. Hii si hewa hasa, bali ni mafuta mazito yaliyotiwa katika makombora ya mizinga, yakarushwa na kutawanyika matone matone. Kwanza mtu haoni maumivu. Baada ya saa kadhaa ngozi hufanya malengelenge makubwa, macho huvimba hata yakafumba, na koo huungua. Mafuta hayo hukaa katika udongo siku nyingi, hasa wakati wa baridi. Askari aliyeketi juu ya tuta lililopigwa juzi aliweza kuungua leo. Hata wauguzi hospitalini waliungua kwa kushika mavazi ya wagonjwa. Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwa gesi ya haradali neno hilo lilikuwa kweli kama lilivyo, bila fumbo. Kinyago peke yake hakikutosha kumkinga mtu; ilipasa avue nguo zote na kuoga kwa maji mengi na sabuni, tena upesi.

KINYAGO NA MAZOEZI

Kinyago kinachoonekana katika sinema hakikupatikana siku moja. Baada ya vile vitambaa vibichi, Waingereza walitengeneza mfuko wa flaneli wa kuvaa kichwa kizima, wenye kipande cha kuonea, ulioloweshwa kwa dawa ya kuvunja nguvu ya klorini. Mfuko huo ulibuniwa mwaka 1915 na Cluny Macpherson, daktari wa jeshi kutoka Newfoundland. Ulikuwa na joto, ulinuka, na askari hakuweza kuona vizuri, lakini uliokoa watu wengi.

Mwaka 1916 kilitokea kinyago bora zaidi, chenye kopo la chuma lililounganishwa kwa mpira. Ndani ya kopo mlikuwa na dawa pamoja na makaa. Makaa hayo hayakuwa ya ajabu. Yalikuwa makaa ya mti yaliyotengenezwa kwa uangalifu. Kipande cha makaa kina vitundu vidogo mno visivyohesabika, na sumu ikipita humo hunata katika kuta za vitundu hivyo, hewa safi ikaendelea na safari yake mpaka puani. Vinyago vya siku hizi bado vinatumia kanuni hiyo hiyo.

Hata hivyo kinyago kilichomo mfukoni hakimfai mtu. Askari walifanya mazoezi ya kukivaa mara nyingi kila siku, mchana na usiku, mpaka mikono ikazoea kazi hiyo bila kuongozwa na macho. Jambo la kwanza walilofundishwa ni kuzuia pumzi, kisha kuvaa, kisha kupumua. Aliyevuta pumzi moja kubwa kwa hofu kabla ya kuvaa alikwisha kuharibu kazi yote. Walinzi waliwekwa kuangalia upepo, na maganda ya makombora yalitundikwa yawe kengele. Farasi pia walitengenezewa vinyago vyao. Kwa hiyo sinema inapomwonyesha askari ambaye mikono yake inatetemeka, haionyeshi udhaifu wa mtu huyo tu. Inaonyesha kwa nini mazoezi yalikuwa ya lazima.

Tena sumu haikuwa na utii kwa aliyeituma. Tarehe 25 Septemba 1915, mahali paitwapo Loos katika Ufaransa, Waingereza nao walifungua mitungi yao ya klorini. Sehemu nyingine upepo haukuvuma kama walivyotumaini, na wingu likabaki au kurudi juu ya askari wao wenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

MBONA HAIKUIMALIZA VITA?

Inakadiriwa kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza watu kama 1,300,000 waliumizwa na hewa ya sumu, na kati yao kama 90,000 walikufa. Hiyo ni idadi kubwa sana. Lakini tukikumbuka kwamba askari waliokufa kwa sababu zote ni mamilioni, tutaona kwamba risasi na mizinga iliua wengi zaidi kuliko sumu. Sababu yake ni kwamba baada ya mwaka wa kwanza karibu kila askari wa Ufaransa, Uingereza na Ujerumani alikuwa na kinyago na mazoezi. Jeshi la Urusi, ambalo lilichelewa kupata vinyago vya kutosha, ndilo lililopoteza watu wengi zaidi kwa sumu.

Basi hapo ndipo jambo lenyewe linapodhihirika. Kwa jeshi lenye kinga, sumu ilikuwa taabu na kero na hofu. Kwa jeshi lisilo na kinga, ilikuwa mauti. Na tangu wakati huo, waliotaka kuitumia wamependa kuituma kwa watu wa namna hiyo ya pili.

SUMU YAFIKA AFRIKA

Tarehe 17 Juni 1925, mataifa mengi yalitia saini mapatano huko Geneva ya kukataza kutumia hewa za sumu vitani. Wakati ule ule Hispania ilikuwa ikitumia gesi ya haradali dhidi ya watu wa milima ya Rif, kaskazini mwa Morocco. Na miaka kumi baadaye likatokea jambo lililotikisa Afrika nzima.

Mwezi wa Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia, ambayo wakati ule iliitwa sana Uhabeshi, nchi inayopakana na Kenya upande wa kaskazini. Italia ilikuwa imeyakubali mapatano ya Geneva. Hata hivyo, kuanzia mwezi wa Desemba mwaka ule, ndege zake ziliangusha mabomu ya gesi ya haradali juu ya majeshi ya Mfalme Haile Selassie, na baadaye zikanyunyiza sumu hiyo kutoka angani kama mvua. Askari wengi wa Ethiopia walivaa nguo za pamba na kutembea bila viatu. Hawakuwa na vinyago. Na hata kama wangalikuwa navyo, visingaliwakinga miguu na mikono. Sumu iliwaunguza askari, ikawaunguza wachungaji na wanyama wao, ikaangukia majani na maji. Madaktari wa Msalaba Mwekundu waliokuwapo waliwatibu watu hao, nao walitoa habari za yale waliyoyaona.

Tarehe 30 Juni 1936, Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa huko Geneva, katika mji ule ule ambamo mapatano yalitiwa saini, akaeleza jinsi watu wake walivyonyunyiziwa sumu. Mataifa yalimsikiliza, lakini hayakumsaidia. Serikali ya Italia iliendelea kukana kwa miaka mingi, na ni mwaka 1996 tu ndipo Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilipokiri rasmi kwamba hewa ya sumu ilitumiwa katika vita ile.

Mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Kenya, pamoja na askari wa King's African Rifles wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, yaliingia Ethiopia na kuwashinda Waitalia. Haile Selassie alirudi Addis Ababa tarehe 5 Mei mwaka huo. Wazee wengi wa Afrika ya Mashariki waliopigana huko walipita katika nchi ambayo miaka mitano tu kabla yake watu wake walikuwa wamenyeshewa sumu. Kwa hiyo habari hizi si za Ulaya tu.

Katika Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iligawa vinyago kama milioni 38 kwa raia wake kabla ya mapigano kuanza mwezi wa Septemba 1939. Hata watoto wa shule walivibeba. Majeshi makubwa yote yalikuwa na akiba za sumu. Lakini katika mapigano ya Ulaya Magharibi wingu halikutumwa tena, kwa kuwa kila upande ulijua kwamba mwenzake ana kinga, na aweza kulipiza. Mahali pasipokuwa na kinga mambo yalikuwa mengine. Japani ilitumia sumu katika China. Na Wanazi wa Ujerumani waliwaua Wayahudi wengi mno, pamoja na watu wengine, kwa kuwafungia katika vyumba na kuwatilia gesi. Hao hawakuwa askari, wala hawakuwa na mahali pa kukimbilia.

Baadaye pia imekuwa hivyo. Tarehe 16 Machi 1988 serikali ya Iraki iliupiga kwa sumu mji wa Halabja, uliokaliwa na Wakurdi, na maelfu ya raia wakafa, wakiwamo wanawake na watoto. Tarehe 21 Agosti 2013 mamia ya watu walikufa kwa sumu iitwayo sarini katika vitongoji vya Ghouta, karibu na Damascus, mji mkuu wa Syria. Sarini haiunguzi mapafu kama klorini; huvuruga mishipa ya fahamu hata misuli ya kupumulia ikakataa kufanya kazi.

SHERIA NA MIPAKA YAKE

Mapatano ya mwaka 1925 yalikuwa na kasoro kubwa: yalikataza kutumia sumu, lakini hayakukataza kuitengeneza wala kuiweka akiba. Ni kama kumwambia mtu asichome nyumba ya jirani, huku akiachwa ajaze mapipa ya petroli chini ya ukuta. Kwa hiyo mkataba mpya ulitiwa saini mjini Paris mwezi wa Januari 1993, ukaanza kufanya kazi tarehe 29 Aprili 1997. Huu unakataza kutengeneza, kuweka, kuuza na kutumia silaha za sumu, na unaamuru zilizopo ziharibiwe mbele ya wakaguzi. Shirika la kuusimamia lina makao yake The Hague, na nchi 193 zimekwisha kujiunga, Kenya ikiwa mojawapo. Mwaka 2013 shirika hilo lilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwezi wa Julai 2023 Marekani iliharibu silaha zake za mwisho za namna hiyo, na kwa hiyo akiba zote ambazo mataifa wanachama yalizitangaza zikawa zimekwisha.

Hiyo si kusema kwamba hatari imeondoka duniani. Kitu kisichotangazwa hakiwezi kuhesabiwa. Tena sumu ya zamani bado imo ardhini: wakulima wa sehemu za Ypres, wanapolima mashamba yao, bado wanafukua makombora ya vita ya 1914 hadi 1918, na baadhi yake yana sumu ndani. Jeshi la Ubelgiji lina watu ambao kazi yao ni kuyakusanya na kuyaharibu.

KEMIKALI ILE ILE NYUMBANI

Yafaa kukumbuka kwamba klorini yenyewe si adui. Kiasi kidogo chake husafisha maji ya kunywa ya miji, na dawa nyingi za kung'arishia nguo zimetengenezwa kwa klorini. Lakini dawa hiyo ya nguo ikichanganywa na dawa kali ya asidi ya kusafishia choo, hewa ya klorini hutoka papo hapo, ndani ya chumba kidogo. Dawa hizo zisichanganywe kamwe. Na ikitokea hewa hiyo imevuja mahali, mtu asijilaze chini wala asikimbie kufuata upepo. Na akate upepo kwa upande, apande mahali palipoinuka. Hayo ndiyo maarifa ambayo askari wa Ypres hawakupewa.

KUIANGALIA SINEMA

Mtu ayajuaye haya ataitazama sinema kwa macho mengine. Atajua kwamba mtengenezaji wa sinema hulitia wingu rangi nzito ili lionekane, hali sumu iliyoua wengi zaidi haikuonekana. Atajua kwamba sinema hufupisha mambo: askari huanguka mara moja, hali katika vita ya kweli kufa kulichukua saa na siku, na wengi waliopona walirudi kwao na mapafu mabovu, wakakohoa maisha yao yote.

Ipo picha moja inayoonyesha sehemu ambayo sinema nyingi huiacha. Ilichorwa na John Singer Sargent, mchoraji wa Kimarekani aliyeishi Uingereza, baada ya kuona askari waliopigwa na gesi ya haradali katika Ufaransa mwaka 1918. Aliimaliza mwaka 1919, na iko London, katika jumba la makumbusho ya vita. Upana wake ni zaidi ya mita sita. Hamna wingu ndani yake, wala hamna mlipuko. Ni mstari wa askari waliofungwa vitambaa machoni, kila mmoja ameweka mkono wake juu ya bega la mwenziwe, wakiongozwa polepole kwenda kutibiwa, na wengine wengi wamelala chini kando yao.

Mwisho, mtazamaji atajua kumtazama yule askari wa sinema aliyekosa kinyago, ambaye wenzake hawawezi kumsaidia. Mtu huyo hakubuniwa tu ili watu walie. Alikuwako Ypres katika kikosi kilichotoka Algeria. Alikuwako Ethiopia, bila viatu. Alikuwako Halabja, naye hakuwa askari kabisa. Kinyago humwokoa aliye nacho. Lakini asiye nacho hana kinga nyingine ila ahadi ya mataifa kwamba wingu lile halitatumwa tena, na ahadi hiyo humfaa ikiwa tu wapo watu wanaoilinda.